Kutembeza Saa ya Papa Cubaka

Juzi kijana mmoja wa jirani, hapa Cimpunda, mjini Bukavu, alinionyesha picha ya saa kwenye simu yake. Saa ya mkononi, ya dhahabu, imewekwa juu ya kitambaa cheusi kama mtoto wa mfalme.

"Maman Nabintu, hii bei yake iko ya nyumba. Hii njo saa ya kweli, sivyo?"

Nikavaa miwani, nikaitazama, nikamuuliza kama amewahi kuisikia. Akacheka, maana alidhani uzee umeanza kunipanda kichwani. Basi sogeeni karibu, yeye na ninyi wenzake mnaotamani saa za bei kubwa bila kuzitegea sikio hata mara moja. Mimi nimezisikiliza maisha yangu yote, na nina maneno machache ya kuwaambia kabla sijasinzia.

Nilikuwa fundi wa saa pale Kadutu tangu usichana wangu mpaka vidole vilipoanza kutetemeka. Mwanamke fundi wa saa lilikuwa jambo la kuchekesha watu. Mteja anaingia, ananitazama, anatazama nyuma yangu, halafu anauliza, "Fundi iko wapi?" Nilikuwa namjibu, "Ametoka, urudi kesho." Kesho anarudi, ananikuta mimi yuleyule, anaiweka saa mezani. Walizoea.

Aliyenifundisha ni Tonton Birindwa, kaka wa mama yangu. Mtu mfupi, mkali, mwenye kucha safi kuliko za padri. Saa ya mteja haikufunguliwa pale kabla hajaiuma. Nasema kuiuma kweli: aliishika kwa meno, taratibu, akafumba macho. Alisema mlio unapita kwenye mfupa mpaka ndani ya kichwa, na huko hauchanganyiki na kelele za soko. "Sikio linadanganyaka," alikuwa anasema. "Mufupa haudanganye." Nilicheka nilipomwona mara ya kwanza. Siku nilipojaribu mwenyewe sikucheka tena. Nilisikia kitu kidogo kikikimbia mahali pa mbali sana ndani yangu, kikikimbia bila kuchoka, na nikatamani nisifumbue macho.

Chumba chetu kilikuwa na dirisha moja lililotazama bondeni. Asubuhi ukungu wa ziwa ulipanda mlima na kuingia ndani bila kubisha hodi. Hapo huoni soko wala mabati ya jirani, unasikia tu saa zilizoning'inia ukutani, kila moja na mwendo wake, hii inakimbia, ile inaburuta miguu. Kuna asubuhi nilikaa hivyo na kibano mkononi, nikasahau nilitaka kushika nini. Tonton aliniacha, na nadhani yeye pia alikuwa amepotea mahali fulani.

Sasa niwaambie juu ya kutembeza saa, maana bila hilo hamtaelewa mengine.

Zile saa nzuri za Uswisi, nyingi ni otomatiki. Hazina betri. Ndani yake kuna kipande kizito cha chuma, umbo lake nusu mwezi, na sisi tulikiita bembea. Ukitembea, mkono unayumba, bembea inazunguka, na ikizunguka inakaza resori, ule utepe wa chuma unaoipa saa nguvu. Yaani saa inakula mwendo wako. Ukiivua na kuiweka kabatini, siku chache tu inalala. Ikilala muda mrefu, mafuta yake yanaganda. Kwa hiyo Tonton alikuwa na sheria: otomatiki ya mteja isilale kwenye droo. Ikishatengenezwa, mpaka mwenyewe aje kuichukua, sisi tunaivaa na kuitembeza.

"Saa iko sawa mbuzi," alisema. "Uifunge mu nyumba, itakufa na majani iko inje."

Kwa hiyo tulitembea Kadutu na saa za watu chini ya mikono mirefu ya mashati. Mimi nilizipanga mpaka karibu na kiwiko. Mwanzoni nilidhani mwendo wowote ni mwendo, na siku moja nikatwanga sombe, yale majani ya muhogo, nikiwa na saa ya mkuu wa posta mkononi. Mnajua jinsi mchi unavyorudisha pigo mpaka begani. Kesho yake saa ilikuwa kimya. Tonton akaifungua, akanipa kioo cha jicho, akanionyesha ncha ya kigurudumu kile kinachoyumba, nyembamba kuliko unywele, imekatika.

"Jana ulikula nini?"

"Sombe, tonton."

"Ilikuwa tamu?"

"Ilikuwa tamu."

"Muzuri. Juu ya ile sombe, utakaa hapa mpaka utajua kuchonga ncha yako."

Nilichonga, nikaharibu, nikachonga tena, mpaka nikaota ncha usingizini. Tangu siku hiyo nilijifunza mwendo gani ni chakula na upi ni sumu. Kutwanga, hapana. Kupasua kuni, hapana. Kumbembeleza mtoto ni vizuri sana, na majirani walishangaa kwa nini napenda kubeba watoto wao. Lakini hakuna mwendo unaoshinda kusonga bugali. Mwiko unazunguka, mkono unazunguka nao, mzito, wa taratibu, na bembea ndani inazunguka kama imezaliwa kwa kazi hiyo. Saa ya mtu mkubwa wa ofisini ilikuwa inashiba jikoni kwangu naye hajui.

Tonton alikufa kitandani pake kabla ya vita, na namshukuru Mungu kwa hilo, maana yeye na hasira zake asingevuka kizuizi hata kimoja cha wanajeshi. Mimi nikabaki na meza yake, kibano chake na sheria yake.

Papa Cubaka alikuja karibu na vita ya pili ya Kongo, ingawa hakuna aliyejua kwamba vita iko karibu. Alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, mrefu, mpole, mtu wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye. Saa yake ilikuwa ya dhahabu, nyembamba, uso wake rangi ya maziwa. Tonton ndiye aliyekuwa akiitunza. Akaivua, akaiweka mbele yangu.

"Maman Nabintu, ninaenda Kinshasa. Iko mukutano ya wiki mbili tu. Lakini kule ku ndege, basoda ba bunduki banaangaliaka mukono mbele ya kuangalia karatasi. Unichungie hii."

"Nitaitembeza, papa."

"Uichunge muzuri. Iko ng'ombe mule ndani."

Akanieleza, akicheka kidogo. Alipooa, alipeleka ng'ombe wa mahari kwa baba mkwe wake huko Walungu. Mzee yule akawapokea, akawatazama, akasema binti yake hakuzaliwa ili baba anenepe. Akauza baadhi, na siku hizo kulikuwa na mzungu wa mashamba aliyekuwa anafunga mizigo kwa haraka. Mzee akanunua saa ya yule mzungu, akamvalisha mkwe wake mbele ya watu wote. "Ng'ombe zako zinarudi," alimwambia. "Ukiangalia saa, ukumbuke kurudi kwa mke wako mapema."

Wiki mbili. Kabla hazijaisha nchi ilikatika vipande, sisi upande huu, Kinshasa upande ule, na katikati bunduki. Ndege hakuna, barabara hakuna, simu hazipiti. Wiki mbili zile zikawa miaka.

Mkewe, Maman Nsimire, alifundisha Kifaransa kwenye lise ya wasichana. Alikuja kwangu Jumapili moja baada ya misa, na kitenge chake kilichopigwa pasi vizuri. Alisimama mlangoni.

"Ile saa ya papa, iko inatembea?"

Nikapandisha mkono wa blauzi. Nilidhani ataivua aondoke nayo, lakini alishika mkono wangu mzima kwa mikono yake miwili, akainama, akaweka sikio juu ya kifundo changu. Nilisimama pale kama mtu anayepimwa nguo. Alisikiliza, akafumba macho, uso wake ukalegea.

"Ikae kwako," akasema. "Kwangu bamekwisha kuingia na bunduki. Banajua nyumba za baprofeseri. Huku kwenu hakuna mutu atatafuta dhahabu."

"Aksanti kwa kutusifu," nikamwambia, na tukacheka wote wawili.

Tangu hapo alikuja kila Jumapili. Kila mtu mjini alimwambia subira huvuta heri, mpaka akaichukia methali yenyewe. Mimi sikumwambia kitu, nilimpa mkono tu. Sikuwa nimejua kwamba mtu anaweza kumpumzikia mtu mwingine kwenye mkono namna ile. Na mimi, nisiseme uongo, nilianza kuingoja Jumapili. Wakati wa wiki nilisonga bugali nikimfikiria mtu aliye mbali anatembea kwenye barabara nisiyoijua, na mwiko wangu ndio unampa miguu. Mambo ya kijinga. Lakini milio ya bunduki ilikuwa inasikika usiku na mchana siku zile, na kila mtu alikuwa na kitu chake cha kijinga cha kushikilia.

Hapa niwakatishe niwaambie juu ya mfanyabiashara mmoja wa Kamituga, kule kwenye machimbo ya dhahabu. Alikuja na saa nene ya dhahabu, inang'aa mpaka inatia aibu. Akaniambia dhahabu ni ya kweli, na hapo sikumbishia, maana mtu wa Kamituga anaijua dhahabu hata kwa ulimi. Nikaifungua. Ndani kulikuwa na mashine ya plastiki, ya betri, ya kutupwa. Nikamwambia, "Papa, ulinunua sahani muzuri, chakula hakuna." Alikasirika, halafu akacheka, halafu akaivaa tena. Vijana, saa yenye thamani ni ile inayoweza kufunguliwa. Mtu aliyeitengeneza alijua kwamba siku moja itachoka, akaacha njia ya kuingia ndani, parafujo kwa parafujo, ili mtu mwingine ambaye hatamjua kamwe aje airudishe. Dhahabu ni nguo tu.

Na kufungua ndiko kulikotuletea ugomvi.

Mwaka ulifuata mwaka, na siku moja nilipoiuma saa ya Papa Cubaka nikasikia kitu nisichokipenda. Mlio ulikuwa umekonda. Ilianza kuchelewa, na nilipoivua na kuitikisa nikasikia bembea inakwaruza. Mafuta yalikuwa yamekauka. Saa ikikauka mafuta na bado inatembea, chuma kinakula chuma. Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa kilikuwa ndani kabisa. Dawa ni moja: kuisimamisha, kuifungua yote, kuiosha, kuipaka mafuta mapya. Bila hivyo kila nilipoivaa nilikuwa naiua.

Nikamwambia Maman Nsimire Jumapili iliyofuata. Akauachia mkono wangu.

"Haitasimama."

"Maman, nikiiacha vile itaharibika kabisa."

"Miye nilikuambia itasimama siku atarudi. Mbele ya ile siku, hapana."

"Hukuniambia vile."

"Basi ninakuambia sasa."

Nilijaribu kumweleza. Nikamwonyesha ncha iliyolika ya saa nyingine. Aliitazama kama mwalimu anavyotazama kazi ya mwanafunzi mvivu.

"Nabintu, niko mutu wa kusoma. Ninajua saa haimubebe mutu. Ninajua. Lakini siwezi kukaa pale nione unaifunga mudomo."

Akaondoka. Jumapili ile nyingine hakuja, na iliyofuata pia hakuja. Nilikasirika. Nilikuwa na haki ya kuifungua, mimi fundi, na Tonton angeifungua bila kuuliza mtu. Nilishika bisibisi mara nyingi, nikairudisha. Nilikuwa naipenda ile saa, na nilikuwa naiogopa. Mwishowe niliivaa kwa kuihurumia, nikawa natembea polepole kama mtu aliyebeba yai.

Alirudi mchana mmoja wa mvua, siyo hata Jumapili. Mvua ya Bukavu, ile inayoangukia mabati mpaka mnashindwa kuongea. Alikuwa amelowa. Macho yake yalikuwa mekundu, na chini ya macho weusi. Nikamkalisha kwenye benchi la Tonton, nikamfunika kitenge kikavu, nikampa chai.

"Maman," nikamuuliza, "wewe unalalaka?"

"Nikilala sitasikia mulango akibisha."

Tangu lini, sikumuuliza. Nilimpa mkono tu, kama zamani. Akaegemea, akaweka sikio, na mvua ikaendelea. Saa zote ukutani zilikuwa zinatembea chini ya ile mvua, huzisikii ila unajua zipo. Baadaye kidogo nikahisi uzito wa kichwa chake umeongezeka. Alikuwa amelala. Nilikaa pale bila kujisogeza, mkono ukafa ganzi, wateja wawili wakachungulia nikawafukuza kwa macho. Alilala mpaka mvua ikaisha, mpaka ukungu ukapanda na kuingia, mpaka jua la jioni likaja dirishani. Sijawahi kuona mtu akilala vile. Hata mimi sina hakika kama nilikuwa macho muda wote.

Alipoamka alitazama chumba kama amekuja mara ya kwanza. Akafuta mdomo.

"Nililala?"

"Ulilala kabisa. Ulikoroma."

"Mwongo."

"Kama kinu cha mahindi."

Alicheka. Halafu akaishika ile saa mkononi mwangu, akaipapasa kwa kidole gumba.

"Isimamishe," akasema. "Nayo ilale kidogo."

Niliifungua mbele yake. Ndani ya kifuniko kulikuwa na alama ndogo iliyokwaruzwa kwa sindano, alama ya Tonton, kila fundi anaacha yake. Nilipoiona nililia, na Maman Nsimire, aliyekuja kulia mwenyewe, akawa ndiye wa kunibembeleza mimi. Nikashika kile kigurudumu kinachoyumba kwa kibano. Kikatulia. Tulisubiri, kama tunatazamia kitu kianguke. Nje mtu alikuwa anauza ndizi kwa sauti, kama kawaida.

Nilivifungua vyote, nikaviosha kwa esansi safi, yaani petroli, nikavipanga juu ya karatasi nyeupe, nikavifunika kwa glasi za chai ili vumbi lisiingie. Resori ilikuwa imechoka, na mpya ilipaswa kutoka Bujumbura kwa mtu wa kumwamini. Kwa hiyo saa ikabaki pale mezani vipandevipande, na Maman Nsimire alikuja kuvitazama. Sasa alikuwa analala usiku. Uso wake ulianza kurudi.

Wakati huohuo wakubwa walikuwa wanazungumza amani huko mbali, na sisi hatukuwaamini. Halafu ndege ya kwanza kutoka Kinshasa ikatua. Halafu nyingine.

Alikuja mchana. Alikuta nyumba imefungwa, jirani akamwambia mkewe yuko Kadutu kwa maman wa saa. Alipanda ngazi zote za mlima wetu kwa miguu. Mimi nilimwona kwanza, mtu mrefu amekonda, nywele nyeupe, mfuko wa plastiki mkononi. Maman Nsimire alikuwa ameinama juu ya zile glasi. Akainua kichwa.

Hakuna aliyepiga kelele. Alikaa tu, mikono juu ya meza, na maneno ya kwanza aliyomwambia mumewe baada ya miaka yote ile yalikuwa haya:

"Miye njo nilisema baisimamishe."

Papa Cubaka hakuelewa. Alisogea, akatazama vigurudumu vilivyopangwa chini ya glasi. Alikuwa ameivaa saa ile tangu harusi yake na hakuwahi kuona ndani.

"Iko mingi vile?" akauliza kwa sauti ndogo. "Na munaweza kuirudisha?"

"Tunaweza, papa," nikasema. Kisha nikatoka nje nikaenda kununua ndizi nisizozihitaji.

Sasa msiniletee mambo ya miujiza. Vijana mnapenda kusema, kumbe saa iliposimama ndipo alirudi. Alirudi kwa sababu ndege ziliruka. Kama tungeiacha itembee angerudi siku ileile, na angekuta saa imekufa na mke amekonda kuliko yeye.

Resori ilifika. Niliijenga saa taratibu kuliko kazi yoyote maishani, nikakwaruza alama yangu karibu na ya Tonton, nikafunga. Sikuikaza. Nikaipeleka kwao imelala, maana niliona si kazi yangu kuiamsha.

Walikuwa jikoni. Maji yalikuwa yanachemka, unga uko tayari. Nikampa Papa Cubaka saa yake. Aliigeuza, akautazama uso wake wa maziwa, halafu akamshika mkewe mkono na kumvalisha yeye, mbele yangu, kama alivyovalishwa yeye na yule mzee wa Walungu.

"Nabintu alinielezea," akasema. "Uipikie."

Maman Nsimire akamimina unga, akashika mwiko, akaanza kusonga. Mzunguko wa kwanza, wa pili. Sisi wawili tukatazama mkono ule, na mshale mdogo wa sekunde ukaondoka.

"Iko inatembea?" Papa Cubaka akauliza.

Mkewe akaacha mwiko ndani ya sufuria, akampelekea mkono sikioni. Yule mrefu akainama, akafumba macho, na hakuinuka upesi. Sikuwakumbusha juu ya moto. Bugali ikashika chini, ikaungua, moshi ukajaa jikoni, na tuliila hivyohivyo, sote watatu, bila mtu kulalamika.